Mashapo meupe bado si salfeti

Nimeikuta tena leo kwenye ripoti ya maabara: "Niliongeza kloraidi ya bariamu, mashapo meupe yakatokea, kwa hiyo kuna salfeti." Jamani, hapana! Hapo umeonyesha tu kwamba kuna ioni (chembe yenye chaji) inayotengeneza mashapo na bariamu. Kaboneti hufanya hivyo, salfaiti pia, hata fosfeti. Yote meupe, na jicho halitakusaidia kuyatofautisha.

Kinachoamua ni asidi. Tia kwanza asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, usubiri. Kaboneti itatoa mapovu ya gesi inayotia ukungu kwenye maji ya chokaa, na salfaiti itatoa harufu inayochoma pua. Mapovu yakiisha ndipo uongeze bariamu. Mashapo yakitokea ndani ya asidi hiyo na yakagoma kuyeyuka, andika salfeti.

Wala usiseme asidi ni asidi. Ya nitriki huweza kuoksidisha salfaiti ikawa salfeti, yaani umejitengenezea mwenyewe ioni unayoitafuta. Ya haidrokloriki nayo ina kloraidi, kwa hiyo kipimo cha nitreti ya fedha, kile cha kutafuta kloraidi, kifanyie kwenye sampuli mpya. Kama unashuku risasi, kloraidi hiyohiyo itakupa mashapo meupe kabla hujagusa bariamu. Yapashe moto pamoja na maji ya kutosha: kloraidi ya risasi huyeyuka, na neli ikipoa hurudi kama sindano nyembamba zinazometameta.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita kimya. Myeyusho wa salfaiti uliokaa wazi hugeuka polepole kuwa salfeti kwa oksijeni ya hewani. Ukiona wingu hafifu baada ya asidi na bariamu, salfeti ipo kweli, lakini kipimo hiki hakiwezi kukuambia kama ilikuwemo tangu mwanzo. Mimi huandika hivyohivyo, bila kulazimisha jibu.

Kationi, yaani ioni zenye chaji chanya, ni rahisi zaidi. Kwa haidroksaidi ya sodiamu, shaba hutoa bluu, chuma(II) kijani, chuma(III) kahawia. Alumini, zinki na risasi zote hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka ukizidisha. Amonia ikizidi huyeyusha ya zinki peke yake, na iodaidi ya potasiamu hutoa njano iliyoiva kwa risasi. Ila tia tone kwa tone, ukitikisa. Ukimimina kwa pupa, mashapo ya alumini hutokea na kuyeyuka kabla hujayaona, nawe utaandika "hakuna badiliko".