Kupanga kitabu cha kumbukumbu kabla hujaandika, maana yake nini hasa?

Wengi wakiambiwa "panga kwanza" wanajua ni kuorodhesha kila kitu toka siku waliyozaliwa, matokeo yake wakifika darasa la tatu wameshachoka na msomaji nae kashasinzia. Hiyo ya maisha mazima ni tawasifu. Kumbukumbu ni kipande tu cha maisha, na kupanga ndo kuamua kipande kipi na nini kibaki nje.

Tuseme dada kafanya kazi za ndani Muscat, sasa karudi Tanga anataka kuandika. Aanze na swali moja: nilienda kwa ajili ya nani na niliporudi walinipokeaje? Hapo matukio yanaanza kujichuja yenyewe, siku bosi aliyochukua pasipoti inaingia, hela ya kwanza aliyotuma nyumbani inaingia, harusi ya binamu yake hata kama ilikuwa bonge la sherehe haiingii, labda kama aliichangia akiwa huko huko akaishia kuiona kwenye video ya WhatsApp, hapo sawa. Kila tukio kikaratasi chake, mstari mmoja unatosha, halafu unavitandaza chini unahamisha hamisha. Unaweza kuanzia siku ya kurudi ndo ukarudi nyuma, ila usimzungushe msomaji, mwambie ni mwaka gani na yuko wapi.

Mpangilio unategemea pia unamwandikia nani, na hili watu wanalirukaga sana. Angalia Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, kitabu chake kilitoka 1886 kwa Kijerumani. Alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake waliokulia Ujerumani, sasa watoto hao Mtoni ya kule Unguja wataijuaje? Ndo maana anaanza na jumba lenyewe la Mtoni alikozaliwa, halafu huko mbele anasimamisha hadithi kabisa anaeleza siku ilivyokuwa inaenda nyumbani kwao, mfungo, sikukuu, na fitina za ndugu kugombania utawala zinakuja baadae sana. Angekuwa anawaandikia watu wa Unguja nusu ya hizo sura asingezihitaji.

Kingine cha kuamua mapema ni majina, nani anatajwa na nani anabadilishwa, maana shangazi akijikuta ukurasa wa 40 kikao cha ukoo kinachofuata ajenda ni wewe.