Ukungu wa kioo cha gari: wa ndani na wa nje si mmoja

Kila masika yakianza utasikia ushauri uleule: "Kioo kikipata ukungu zima AC, ndiyo inayouleta." Dereva anatii, anafunga madirisha, na baada ya dakika chache anafuta kioo kwa kiganja huku lori linakuja mbele. Ushauri huu unahatarisha watu, kwa sababu unachanganya vitu viwili.

Maana yenyewe ni fupi. Hewa hubeba mvuke wa maji, na kadiri inavyopoa ndivyo uwezo wake wa kubeba unavyopungua. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ikishuka hadi nyuzi 20 ni gramu 17 tu, na kwenye nyuzi 10 ni kama gramu 9. Joto ambalo hewa ikifika hapo inashindwa kubeba mvuke iliyo nao huitwa kiwango cha umande. Kitu chochote chenye ubaridi chini ya kiwango hicho hulowa. Ndiyo maana chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hutoka jasho.

Sasa tuje kwenye kioo, ambacho kina pande mbili na kila upande una hewa yake.

Chukua gari linalotoka Dar es Salaam usiku wa Aprili kwenda Mbeya. Hewa ya pwani msimu huo imeshiba maji, na kiwango chake cha umande hucheza kwenye nyuzi 24 hivi. Ndani AC inapuliza hewa baridi hadi kwenye kioo cha mbele. Kioo kinapoa chini ya hizo nyuzi 24, na ukungu unaganda nje. Ukifuta ndani hufuti kitu. Hapa washa waipa, geuza matundu ya hewa yasielekee kwenye kioo, punguza ubaridi. Hapa, kweli, AC ndiyo iliyosababisha.

Gari hilohilo likifika Makambako alfajiri, kuna baridi na manyunyu, na mambo yamegeuka. Kioo kimepozwa na mvua kwa nje. Ndani kuna watu wanne wanaopumua, mwavuli mbichi, viatu vyenye tope. Ukungu huu uko ndani, na umetokana na pumzi na nguo zenu. Ukizima AC hapa umezima mashine pekee ndani ya gari inayoweza kuukausha.

Neno "kukausha" ndilo linalosahaulika. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na karatasi. Siku za unyevunyevu zilitanuka, siku za ukavu zikasinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine hazikukaa mahali pake. Mhandisi Willis Carrier, mwenye miaka 25, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili maji yabaki huko na hewa itoke ikiwa kavu. Mashine tunayoiita kiyoyozi ilianza kwa ajili ya unyevu. Ya gari lako inafanya vilevile: hewa inapita kwenye evaporeta, yaani yale mabomba ya baridi, iliyo ndani ya dashibodi, mvuke unageuka matone, na matone yanatoka kwa kibomba kidogo. Yale maji yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa juani yalikuwa hewani dakika chache kabla.

Kwa hiyo kwa ukungu wa ndani, washa AC na hita pamoja. AC inakausha, hita inapasha kioo. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na uzime kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, kwa sababu kinarudisha pumzi zilezile. Watu huogopa kuingiza hewa ya mvua, lakini hewa ya nje yenye nyuzi 14 ikishapashwa joto inakuwa kavu kuliko iliyofungiwa na abiria wanne.

Kama ukungu unarudi kila asubuhi hata gari likilala tupu, bonyeza kapeti kwa mkono. Ikiwa mbichi, mpira wa mlango unavujisha, au kile kibomba cha AC kimeziba na maji yanarudi miguuni mwa abiria. Na ukungu wenye mafuta na harufu tamu ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Hilo mpelekee fundi mapema.

Anayesema AC inaleta ukungu hajadanganya. Ameuona Dar, au Mombasa. Ila aongeze neno "nje", na kabla ya kumshauri mwenzake amwambie apitishe kidole kwenye kioo, ajue ni upande gani umelowa.