Maumivu hayana ligi jamani

Juzi tena. Mtu yuko kwenye benchi nje ya chumba changu cha fiziotherapia anamsimulia jirani yake mgongo ulivyomkaza wiki ya tatu sasa, hata kufunga kamba za viatu hawezi, hajamaliza jirani kashachomoa bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mgongo: "Huo wako mgongo? Mimi diski tatu na ndoo nabeba." Jamaa akanyamaza. Kuingia kwangu namuuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, ananiambia mbili. Mbili! Na kitandani kapanda kwa kushikilia ukuta. Nikamuuliza upya taratibu, ikawa saba.

Kwahiyo dhana ya kwanza, inayonimaliza kabisa: yangu ni makubwa kuliko yako so yako sio kitu. Ile namba haikuwekwa kushindanisha watu, inakupima wewe wa leo na wewe wa wiki ijayo ili nijue mazoezi yanasaidia au natwanga maji. Saba yako na saba ya jirani hazipandi mzani mmoja, maana ubongo haupokei tu taarifa za neva, unazichanganya na usingizi, hofu, uchovu na yaliyokukuta zamani ndo unakupa maumivu. Henry Beecher, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika mwaka 1946 kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani na wengi wao hata dawa ya maumivu hawakuitaka. Sa hapo utasema hawakuumia?

Na hiyo bahasha nayo. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, diski (yale mito madogo kati ya mifupa ya mgongo) zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yani picha inaweza kutisha na mwenyewe yuko fiti, na mwingine picha safi halafu usiku halali. Diski tatu sio magoli matatu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba aliyenyamazishwa benchi ananyamaza na mambo ya hatari. Ukipata ganzi sehemu za kukalia, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe huku mgongo unauma, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri zamu ya mwenye bahasha iishe.

Na mengine ninayoyasikia hapo benchi. "Presha yangu ilifika 190 na nilikuwa natembea." Presha mara nyingi haina dalili, ulikuwa na bahati tu, sio ushujaa.

"Kipandauso ni kichwa tu, mimi nacho kila siku." Kichwa tu hakikufanyi utapike na ukimbie mwanga.

"Namsimulia ya kwangu ili nimfariji." Sawa, wengine mnamaanisha kweli, ila muulize kwanza maswali mawili. Mimi napenda hili: inakuzuia kufanya nini? Akishajibu ndo ulete yako, kama bado unaikumbuka.

Halafu bingwa wa benchi ndo huwa anagawa vidonge, "hivi ndo vilinisaidia." Diclofenac, dawa ya maumivu, ya mwenzio ukiwa na vidonda vya tumbo, figo mbovu au presha inaweza kukulaza hospitali. Yule wa bahasha nilimkuta anazo mbili mkononi, anamtafutia jamaa maji ya kumezea.