Si kila "kama" ni tashbihi

Wanafunzi wengi wakikutana na neno "kama" katika hadithi, huandika "tashbihi" (mbinu ya kufananisha kitu na kingine) kabla hawajamaliza sentensi. Sasa tazama hizi: "Walikuja watu kama hamsini." "Nunua matunda kama maembe na mapapai." "Kama mvua itanyesha, hatutoki." Ya kwanza inakadiria, ya pili inatoa mifano, ya tatu inaweka sharti. Hamna tashbihi hapo. Hata "Amina ni mrefu kama dada yake" mimi siipi alama, kwa sababu ni watu wawili wamesimamishwa ukutani wakapimwa. Sema "Amina ni mrefu kama mnazi", hapo tashbihi imeingia, maana mtu amefananishwa na kitu kisicho cha jinsi yake. Tena huja hata bila "kama": mithili ya, mfano wa, au ile ya mtaani, "Anakula utadhani katoka jela."

Wengine husema sitiari ni tashbihi iliyoondolewa "kama". Kwa "Juma ni simba" hesabu hiyo inakubali. Jaribu kuirudisha "kama" kwenye "njaa inamtafuna" uone itakaa wapi.

Kinaya na kejeli nazo huchanganywa sana. Mlinzi amekesha akilinda duka la tajiri, arudi asubuhi akute kwake kumevunjwa. Hicho ni kinaya: mambo yamekwenda kinyume na yalivyotarajiwa, na hakuna aliyemtukana. "Una akili za kuku" ni kejeli, tena ya wazi, haina kinyume chochote. Zinazotatiza ni zile zinazokutana njiani. Mke anaonja wali ulioungua, anamgeukia mumewe: "Mpishi hodari wewe!" Maneno ni sifa, maana ni dharau. Hapo kejeli imepanda mgongoni mwa kinaya, na anayetaja zote mbili hajakosea.

Kuna pia wanaodhani majina mawili ni mbinu mbili. Tashbihi na tashibiha ni kitu kimoja, sitiari na istiari vilevile, na chuku, yaani kutia chumvi, ndiyo mubalagha. Wanaotofautiana ni waandishi wa vitabu.

Inayonifurahisha zaidi ni tanakali za sauti. Tumekaririshwa kwamba ni maneno yanayoiga mlio, na kweli jiwe likitumbukia kisimani chubwi, au mzigo ukianguka pu, masikio yanashuhudia. Lakini kanzu nyeupe pe inalia vipi? Giza totoro je? Mtoto aliyelala fofofo huenda hakoromi hata kidogo. Jina la mbinu limetufunga, kwani maneno haya huchora pia rangi, hali na namna ya tendo, na mara nyingi hung'ang'ania neno moja tu: ukisema "nyeusi pe" utachekwa, nyeusi ni tii. Halafu kuna "kimya jii". Mahali pasiposikika chochote, Kiswahili kimepatafutia tanakali ya sauti.