Puer mbichi na puer mbivu

Chai ya puer inauzwa kwa majina mawili ya Kichina, sheng na shou (wengine hutamka shu). Sheng ni mbichi, shou ni iliyoiva. Kiswahili hakihangaiki hapa, maana "-bichi" yetu ni ya nyama isiyopikwa na pia ya embe lisilokomaa, na "kuiva" ni kwa wali jikoni na kwa ndizi mgombani. Maneno ya Wachina yanabeba maana hizo hizo mbili.

Chai yenyewe ni ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Mmea wake ni ule wa assamica, wenye majani makubwa, jamii moja na michai mingi ya Kericho, ila huku majani husagwa yakawa chenga, kule huachwa mazima. Hukaangwa kidogo kwenye karai, husokotwa, huanikwa juani, kisha hupigwa mvuke na kushindiliwa yawe kama mkate bapa, mara nyingi wa gramu 357. Ukiishia hapo una puer mbichi. Kwa kuwa moto wa karai ulikuwa mdogo, chai hiyo haijafa: ikiwekwa kabatini inaendelea kubadilika miaka kumi, ishirini, uchungu ukipungua na rangi ikikolea.

Miaka ishirini ni mingi kwa mfanyabiashara. Mwaka 1973, katika kiwanda cha chai cha Kunming, ikabuniwa njia ya mkato: majani yanarundikwa, yanamwagiwa maji, yanafunikwa, na kugeuzwa kila baada ya siku kadhaa, kwa wiki sita hadi nane hivi. Vijidudu na kuvu vinafanya kazi humo ndani, rundo linapata joto lenyewe, na kinachotoka ndiyo shou. Sisi tunalo neno lake: kuvundika. Aliyewahi kufukia mkungu wa ndizi shimoni hahitaji maelezo zaidi.

Na kama embe la kuvundika lisivyofanana na lililoivia mtini, shou si sheng iliyozeeka. Wengi hukosea hapa. Sheng ya miaka thelathini ingali mbichi kwa jina. Imeiva kwa umri, haikuvundikwa.

Kuzionja, zionje pamoja. Mimi hutumia vibakuli viwili vidogo vyenye vifuniko, gramu 5 za chai kwa mililita 100 za maji yanayochemka. Maji ya kwanza ni ya kuosha, yamwage. Ya pili yaache sekunde kumi tu, umimine. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiacha sheng dakika tano kama chai ya maziwa. Nilikunja uso kama niliyenyweshwa mwarobaini.

Sheng changa hutoa maji ya manjano angavu. Inaanza na uchungu, unafuata ukakasi ule wa ndizi mbichi unaokamata ulimi. Usikimbilie kumeza tena. Ngoja kidogo, utamu utapanda kutoka kooni. Wachina wanauita huigan, na kwangu ndio sababu nzima ya kuinywa. Sheng isiyorudisha utamu huo ni uchungu mtupu.

Shou ni nyeusi kama kahawa, na uchungu wake ni kidogo sana. Inateleza mdomoni, nzito kidogo, na harufu ya udongo uliolowa au gome la mti; iliyo nzuri ina utamu wa mbali wa tende. Ikinuka shombo ya samaki au stoo yenye unyevu, huenda uvundikaji haukwenda vizuri, au chai haijapumzika tangu itoke kwenye rundo. Anayeanza namshauri aanze na hii, haina ugomvi.

Ukimaliza, tazama makapi. Jani la sheng changa hukunjuka likawa la kijani cha zeituni, laini, ukilivuta linanyumbuka kabla ya kuchanika. La shou ni la kahawia iliyokaribia weusi, na ukilifikicha kwa vidole mara nyingi linamegeka.