Kwa nini mtoto anayeshiba kila siku anaweza kudumaa?

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kula akashiba kila siku, akawa na mashavu yaliyojaa, na bado akawa amedumaa? Jambo hili huwapita wazazi wengi, kwa sababu wembamba huonekana upesi kuliko ufupi. Mtoto aliyekonda kila mtu humwona. Aliyedumaa huonekana wa kawaida tu, ila mdogo, na asiposimama kando ya wenzake waliozaliwa mwezi mmoja naye, hakuna anayeshtuka.

Ndiyo maana udumavu haukadiriwi kwa macho, hupimwa. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hulazwa chali juu ya ubao maalumu. Mtu mmoja humshika kichwa kiguse ukingo wa juu, mwingine humnyoosha magoti taratibu na kusogeza kibao mpaka kiguse nyayo. Ni kazi ya watu wawili, maana mtoto hulia na kujikunja, na sentimita moja ikipotea hapo jibu linaweza kubadilika. Kipimo hulinganishwa na viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2006. Mvulana wa miaka 2, kwa mfano, akipimwa amelala, urefu wa katikati ni karibu sentimita 88. Akiwa chini ya takriban sentimita 82 anahesabiwa kuwa amedumaa.

Hapo wengi hujibu, "Ukoo wetu ni wa watu wafupi." Urithi una nafasi yake, lakini kwa umri huu nafasi hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Viwango hivyo vilipatikana kwa kuwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Omani na Marekani, walionyonyeshwa vizuri, waliolelewa katika mazingira yenye afya na ambao mama zao hawakuvuta sigara. Ikaonekana kwamba urefu wao unakaribiana sana, licha ya nchi zao kuwa mbalimbali. Mtoto mdogo anapobaki nyuma sana kwa urefu, jambo la kwanza la kuchunguza ni maisha anayoishi.

Tena maisha hayo yanaanzia tumboni mwa mama. Mama mwenye lishe duni, mwenye upungufu wa damu, aliyeugua malaria akiwa mjamzito au anayevuta sigara, yuko katika hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito chini ya kilo 2.5. Mtoto wa namna hiyo, na vilevile aliyezaliwa kabla ya wakati, huanza safari akiwa nyuma tayari. Mimba ya umri mdogo huongeza hatari, kwa kuwa mwili wa msichana ambaye bado anakua hugombania chakula kilekile na mtoto aliye tumboni. Mimba zinazofuatana upesi pia humnyima mama nafasi ya kurudisha akiba ya mwili wake. Ushauri wa WHO ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Na yule mama mfupi? Kweli, ufupi wa mama ni miongoni mwa viashiria vya hatari, lakini mara nyingi naye alidumaa utotoni. Kinachorithishwa hapo kwa sehemu kubwa ni njaa ya kizazi kilichopita.

Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama pekee yanatosha. Baada ya hapo ndipo swali letu la shibe linapopata jibu. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi wa nafaka tupu hulijaza haraka. Anaacha kulia, anasinzia, mama anaridhika. Lakini ili mifupa irefuke, mwili unahitaji protini kamili, zinki na virutubishi vingine ambavyo uji huo unavyo kwa uchache mno. Mayai, samaki, nyama, maziwa na jamii ya kunde ndivyo vinavyokosekana mara nyingi kwenye bakuli la mtoto, hata katika nyumba ambazo watu wazima wanavila.

Hata hivyo chakula bora nacho kinaweza kuingia mwilini kisifanye kazi. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijinyuzi vidogo vilivyosimama kama manyoya ya taulo, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtoto anayetambaa kwenye udongo wenye kinyesi cha watu au wanyama, kisha akatia mkono mdomoni, humeza vijidudu siku baada ya siku. Vijinyuzi hivyo hufupika, ukuta wa utumbo huanza kuvuja, na kinga ya mwili hubaki vitani muda wote. Vita hiyo hula nguvu na hupunguza homoni inayochochea gegedu, ile tishu laini inayogeuka kuwa mfupa, lililo karibu na ncha za mifupa mirefu, mahali ambapo kurefuka hutokea. Haya yote yanaweza kuendelea bila mtoto kuharisha hata kidogo. Akiharisha mara kwa mara, ndiyo hali huwa mbaya zaidi.

Kutokana na maarifa hayo, watafiti walifanya majaribio makubwa Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, na matokeo yakatolewa mwaka 2018 na 2019. Kaya zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya kutibu maji. Watoto hawakurefuka kuliko wenzao. Waliopewa lishe ya nyongeza ndio walioongezeka urefu, tena kidogo. Wapo waliosema basi usafi hauna maana. Mimi sikubaliani nao. Choo kimoja na ndoo ya maji havikutosha kuondoa uchafu uliokuwa umemzunguka mtoto kila upande, wakiwemo kuku na mifugo wanaozurura uani anapocheza. Kinachohitajika ni usafi wa kiwango cha juu zaidi, na huo hauwezi kuachiwa kaya moja moja.

Umaskini, elimu ndogo ya mama na huzuni kubwa inayompata baada ya kujifungua huongeza hatari kwa kupitia njia hizo hizo: anakula nini, anatibiwa lini, nani anamsaidia. Kwa makadirio ya UNICEF, WHO na Benki ya Dunia, watoto wapatao milioni 148 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa mwaka 2022.

Siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi miaka 2 ndizo zenye uzito mkubwa, kwa sababu ubongo nao hukua kwa kasi wakati huohuo. Baadaye baadhi ya watoto hufidia urefu waliopoteza, ingawa si wote. Kwa hiyo ukienda kliniki, usiridhike na mizani peke yake. Omba mtoto apimwe na urefu, kisha utazame mstari wake kwenye kadi. Ukiona umeanza kulala ilhali miezi iliyopita ulikuwa unapanda, mwulize mhudumu sababu siku hiyohiyo, hata kama mtoto bado hajafika kwenye kiwango cha kuitwa aliyedumaa.