Kilomita chache hazimaanishi gharama ndogo

Anayetafuta Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2000 huambiwa achague iliyotembea kilomita chache, na hataijua gereji. Imani hii ni ya siku nyingi na imewatia watu hasara. Kilomita hupima mwendo tu. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Tazama mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, katika injini ya EJ20 iliyomo kwenye WRX nyingi za wakati huo, ambayo Subaru ilianza kuitumia 1989. Ni wa mpira. Wengi husubiri ufikishe kilomita 100,000, ilhali miaka nayo inahesabika. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Hapo hulipii mkanda tena. Unalipia kufungua vichwa viwili vya silinda, kwa kuwa injini hii imelala, silinda mbili kila upande. Ndiyo maana fundi makini hubadilisha mkanda pamoja na rola zake na pampu ya maji: kazi ya kufungua ni ileile.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likikaa. Hosi za rejeta hukakamaa.

Kwa maoni yangu, gari la kilomita 180,000 lenye risiti za matengenezo ni salama zaidi kwa mfuko kuliko la 60,000 lisilo na hata moja. Na kagua tairi: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni mwake huonyesha lilitengenezwa lini; mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014.